Hispania yafukuza magari makuukuu mijini, mahakama zauliza nani atabeba gharama

MAJAJI wa Mahakama Kuu ya Jimbo la Madrid walipotoa hukumu yao Septemba 17, 2024, hawakusema kwamba hewa ya mji mkuu wa Hispania ni safi, wala hawakusema kwamba magari ya zamani yana haki ya kutoa moshi yapendavyo. Walichosema ni jambo dogo zaidi, na pengine gumu zaidi kulijibu: kwamba Halmashauri ya Jiji, ilipokuwa ikiandaa sheria ndogo ya kuyazuia magari hayo, haikufanya hesabu ya kuridhisha ya nani ataumia na kwa kiasi gani.

Kwa sababu hiyo, vifungu vilivyoanzisha maeneo ya moshi kidogo katika jiji lenye watu zaidi ya milioni tatu vilibatilishwa. Halmashauri ikakata rufaa, na kwa kuwa hukumu ilikuwa haijawa ya mwisho, kamera ziliendelea kusoma namba za magari na barua za faini ziliendelea kufika majumbani.

Ilikuwa mara ya tatu katika kipindi cha miaka minne na ushee kwa mahakama za ngazi hiyo kuangusha sheria ya namna hiyo katika miji miwili mikubwa kuliko yote nchini humo. Julai 2020 ilikuwa zamu ya mpango wa mwanzo wa Madrid, uliojulikana kama Madrid Central. Machi 2022 ikawa zamu ya Barcelona. Dosari walizoziona majaji zilifanana: wananchi hawakupewa nafasi ya kutoa maoni kama sheria inavyotaka, au taarifa za kiuchumi zilikuwa nyembamba mno, au zuio lilikuwa pana kuliko sababu zilizotolewa.

Mtu anayezisoma habari hizi kwa mbali anaweza kudhani ni ugomvi wa mawakili wanaotafuta kasoro za nukta na mkato. Sivyo. Nyuma ya majalada hayo yupo fundi bomba wa vitongoji vya kusini mwa Madrid na gari lake la dizeli la mwaka 2003, lililobeba mabomba na ngazi, ambalo bila hilo hana kazi. Yupo pia mtoto mwenye pumu ambaye shule yake iko kando ya barabara kuu inayoingia mjini. Wote wawili wana haki, na kwa bahati mbaya haki zao zimekutana katika njia panda moja.

Msingi wa mambo yote ni Sheria Namba 7 ya Mei 20, 2021, inayohusu mabadiliko ya tabianchi na mpito wa nishati. Kifungu chake cha 14 kinaiagiza kila manispaa yenye wakazi zaidi ya 50,000, pamoja na maeneo ya visiwani, iwe na mpango wa usafiri endelevu kabla ya mwaka 2023, na ndani ya mpango huo liwemo eneo ambalo magari yanayochafua hewa yanazuiwa kuingia, kupita au kuegeshwa. Manispaa zenye wakazi zaidi ya 20,000 nazo zinaguswa pale hewa yake inapovuka viwango vinavyoruhusiwa. Manispaa zinazohusika ni takriban 150, na ndimo wanamoishi zaidi ya nusu ya Wahispania.

Tarehe ilifika, na miji iliyokuwa tayari ilihesabika kwa vidole. Lawama hazikuwa za halmashauri peke yake. Kanuni za utekelezaji, ambazo ndizo zilizopaswa kuziongoza, zilitolewa na serikali Desemba 27, 2022, siku chache tu kabla ya muda kwisha. Ni sawa na mwalimu kugawa mtaala asubuhi ya mtihani. Tena sheria yenyewe haikuweka adhabu kwa halmashauri itakayokaidi. Hadi mwanzoni mwa 2025, miaka miwili baada ya muda kupita, manispaa zenye maeneo yanayofanya kazi zilikuwa hazijafika nusu ya zile zilizotakiwa.

Kilichozisogeza nyingi kati ya hizo si hofu ya sheria bali fedha. Kutokana na mfuko wa Umoja wa Ulaya wa kufufua uchumi baada ya janga la korona, Hispania ilitenga euro bilioni 1.5 kwa ajili ya miji, zilizotolewa kwa awamu mbili: kununua kamera, kujenga njia za baiskeli, kupanua njia za watembea kwa miguu na kupata mabasi mapya. Atakayechukua fedha hizo na kushindwa kuonyesha kazi anatakiwa kuzirudisha. Meya anayeupinga mpango jukwaani amejikuta akiutekeleza ofisini, na hapo ndipo yalipozaliwa maeneo ambayo wakosoaji wanayaona kuwa ni ya mapambo: mitaa michache ya katikati ya mji ambayo tayari ilikuwa ya watembea kwa miguu, ikawekewa vibao vipya na kutangazwa kuwa imeokoa hewa.

Ili kuelewa nani anaruhusiwa na nani anafukuzwa, ni lazima kwanza kuifahamu stika. Idara Kuu ya Usalama Barabarani ya Hispania, maarufu kwa kifupi cha DGT, ilianza mwaka 2016 kuyagawa magari katika makundi. Stika ya bluu iitwayo CERO ni ya magari ya umeme, pamoja na yale ya mseto ya kuchaji ambayo betri yake inaweza kwenda kilometa 40 au zaidi. Stika ya ECO ni ya magari mengine ya mseto na yanayotumia gesi. Stika C, ya kijani, ni ya petroli ya kuanzia mwaka 2006 na dizeli za karibuni zinazotimiza kiwango cha Euro 6. Stika B, ya njano, ni ya petroli ya kuanzia 2001 na dizeli ya kuanzia 2006. Kundi la mwisho linaitwa A, nalo halina stika kabisa. Katika posta stika hiyo huuzwa kwa euro tano.

Gari lisilo na stika likiingia pasiporuhusiwa, kamera inasoma namba, mtambo unaulinganisha usajili na kumbukumbu za DGT, na mwenye gari anaandikiwa faini ya euro 200, ambayo hupunguzwa hadi nusu akilipa mapema. Hakuna trafiki wa kusimamisha gari, hakuna mazungumzo ya pembeni ya barabara. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hilo pekee laweza kuonekana kuwa maendeleo.

Lakini stika haipimi moshi. Inapima tarehe ya usajili na aina ya injini, basi. Gari dogo la petroli la mwaka 2004, jepesi, linalokunywa mafuta kidogo, lina stika B na liko kwenye foleni ya kufukuzwa katika awamu zijazo. Gari kubwa la mseto lenye uzito wa tani mbili na zaidi, ambalo tajiri wake halichaji hata siku moja na analiendesha kwa petroli mwaka mzima, lina stika ya bluu na linapita popote ilimradi betri yake ingeweza kwenda kilometa 40. Wataalamu wa hewa wameilalamikia kasoro hii kwa miaka, na hadi leo haijapatiwa dawa ya maana, kwa kuwa kuibadili stika ni kuwagusa watu walionunua magari mapya na ghali kwa kuitegemea.

Jambo la dizeli nalo lina uchungu wake. Kwa miongo kadhaa serikali za Ulaya, ya Hispania ikiwamo, ziliitoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli, na wananchi waliambiwa ni nishati ya mtu mwenye busara kwa kuwa inakwenda mbali kwa bei nafuu na hutoa kaboni kidogo. Wahispania wakasikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu magari saba kati ya kumi mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya dizeli. Kisha mwaka 2015 ikafichuka Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa ikitumia programu ya kompyuta kudanganya vipimo vya moshi, na dunia ikafahamu kwa upana kile ambacho vituo vya kupima hewa vya mijini vilikuwa vikikionyesha: dizeli ndiyo mama wa naitrojeni dayoksaidi. Mtu aliyelitii tangazo la serikali ya jana ndiye anayetozwa faini na serikali ya leo.

Wapo wanaosema abadilishe gari. Ni rahisi kusema. Wastani wa umri wa magari ya abiria nchini Hispania umepita miaka 14, mojawapo ya mbuga kuu za magari makongwe katika Ulaya ya Magharibi. Serikali ilianzisha mwaka 2021 ruzuku iliyofikia euro 7,000 kwa anayenunua gari la umeme na kulipeleka la zamani kwenye chuma chakavu. Tatizo ni kwamba ruzuku hiyo ililipwa baada ya mnunuzi kukwisha kutoa fedha yake mfukoni, na wengi waliingoja kwa muda mrefu. Mwenye uwezo wa kusubiri ndiye aliyefaidi. Fundi bomba hakuwamo.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuisimulia habari hii kana kwamba halmashauri zilikurupuka tu na kuamua kuwaonea wanyonge. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 iliweka ukomo wa mikrogramu 40 za naitrojeni dayoksaidi kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa mwaka, kuanzia 2010. Madrid na Barcelona ziliuvuka ukomo huo mwaka hadi mwaka. Desemba 22, 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitia Hispania hatiani kwa kushindwa kuheshimu viwango hivyo katika maeneo ya Madrid na Barcelona kwa kipindi kilichoanzia 2010. Hivyo mameya wa Hispania wamebanwa kotekote: wakizuia magari, mahakama za nyumbani zinawaambia wamezidisha, wakiyaacha, mahakama ya Luxembourg inaiambia nchi yao imezembea.

Madrid ndiyo iliyoonyesha jinsi siasa inavyoweza kulizungusha jambo hili hadi likarudi lilikoanzia likiwa limevaa nguo nyingine. Kuzuia magari si mgeni katika jiji hilo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 baadhi ya mitaa ya kale ilikuwa imetengwa kwa magari ya wakazi tu, bila kelele nyingi. Lakini Novemba 30, 2018, meya wa wakati huo, jaji mstaafu Manuela Carmena, aliyeungwa mkono na vyama vya mrengo wa kushoto, aliunganisha mitaa hiyo na kuipanua ikawa eneo moja la hekta 472 katikati ya jiji. Wakazi waliendelea kuingia na kupewa kila mwezi idadi ya mialiko kwa ajili ya wageni wao. Magari ya stika B na C kutoka nje yaliweza kuingia iwapo tu yanakwenda kwenye maegesho ya kulipia. Yasiyo na stika yakabaki nje.

Wafanyabiashara walitabiri kifo. Hakikuja. Takwimu za matumizi ya kadi za benki zilizotolewa baada ya msimu wa Krismasi wa 2018 zilionyesha kwamba manunuzi ndani ya eneo hilo, hasa katika mtaa maarufu wa Gran Vía, yaliongezeka kuliko wastani wa jiji. Katika kituo cha kupimia hewa cha Plaza del Carmen, ambacho ndicho pekee kilichomo ndani ya eneo, naitrojeni dayoksaidi ilishuka.

Pamoja na hayo Carmena alipoteza kiti mwaka 2019. Aliyempokea, José Luis Martínez-Almeida wa chama cha kihafidhina cha PP, alikuwa ameifanya Madrid Central kuwa shabaha yake ya kampeni, na moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kusitisha faini kuanzia Julai 1 mwaka huo. Maelfu ya watu waliandamana katikati ya joto la kiangazi kupinga. Ndani ya siku chache hakimu akaamuru faini zirejeshwe, kwa hoja kwamba afya ya watu haiwezi kuwekwa rehani wakati kesi ikisubiri kusikilizwa.

Kilichofuata kinastahili kukumbukwa na kila mwenye mazoea ya kuamini ahadi za majukwaani. Mwaka uliofuata Madrid Central ilibatilishwa mahakamani, na Mei 2021 Mahakama ya Juu ikaufunga mlango. Almeida akawa huru kuizika. Badala yake, Septemba 2021 baraza lake likapitisha sheria ndogo mpya iliyolihifadhi eneo lile lile la katikati kwa jina jingine, ikaongeza eneo la pili katika Plaza Elíptica upande wa kusini, na kisha ikatangaza kwamba hatua kwa hatua manispaa nzima, yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 600, itafungwa kwa magari yasiyo na stika. Mtu aliyeshinda kwa kulipinga zuio la hekta 472 ndiye aliyeweka zuio la jiji zima. Chama cha mrengo mkali wa kulia cha Vox, kilichokuwa kimemsaidia kuupata umeya mwaka 2019, ndicho kilichompeleka mahakamani na kushinda Septemba 2024, kikizungumza kwa niaba ya wenye kipato kidogo.

Plaza Elíptica ni mahali pa kutazamwa kwa karibu. Ni mzunguko wa barabara unaopokea magari yanayotoka Toledo na vitongoji vya wafanyakazi vya kusini, na kwa miaka mingi kituo chake cha hewa ndicho kilichokuwa kikiliaibisha jiji mbele ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, vituo vyote vya Madrid vilishuka chini ya mikrogramu 40, na hicho kikiwamo. Ni kweli kwamba magari yenyewe yamekuwa yakibadilika kwa kawaida, mapya yakichukua nafasi ya ya zamani, kwa hiyo si sahihi kuyapa mazuio sifa yote. Lakini pia si sahihi kuyanyima.

Katika ratiba ya Madrid kuna jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana kwa sauti. Mwaka 2022 waliozuiwa kuingia ndani ya barabara ya mzunguko ya M-30 walikuwa wenye magari yasiyo na stika yaliyosajiliwa kodi nje ya Madrid. Mwaka 2023 wakazuiwa kupita hata juu ya barabara hiyo. Mwaka 2024 wakazuiwa mitaa yote. Wenye magari kama hayo hayo, ya umri ule ule na moshi ule ule, lakini wanaolipa kodi ya gari ndani ya jiji, waliwekewa tarehe ya mwanzo wa 2025. Na ilipokaribia, wakaongezewa muda.

Pua ya mtoto wa Plaza Elíptica haiwezi kutofautisha moshi wa gari la Madrid na moshi wa gari la Toledo. Sanduku la kura linaweza. Anayetoka nje hampigii kura meya wa Madrid, na ndiye aliyetangulia kufukuzwa. Miji mingine kadhaa imefuata mtindo huo huo wa kuwasamehe wenyeji kwanza, na ni vigumu kuutafutia maelezo ya kisayansi.

Barcelona ilikwenda kwa njia yake. Kuanzia Januari 1, 2020, eneo lote lililozungukwa na barabara za Ronda de Dalt na Ronda Litoral, likiwa na zaidi ya kilometa za mraba 95 na kuigusa miji jirani kama L'Hospitalet de Llobregat, lilifungwa kwa magari yasiyo na stika siku za kazi kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku. Faini zilicheleweshwa na korona hadi Septemba mwaka huo. Jiji hilo lilijaribu kupunguza makali: aliyelipeleka gari lake kuukuu kwenye chuma chakavu bila kununua jingine alipewa kadi ya kusafiri bure katika usafiri wa umma kwa miaka mitatu. Zilikuwapo pia ruhusa maalumu kwa wenye kipato kidogo na vibali vya siku moja moja kwa wenye dharura.

Hayo hayakutosha kuwaridhisha majaji wa Catalonia, ambao Machi 2022 waliona kwamba halmashauri ilikuwa imechora eneo kubwa mno bila kuthibitisha ulazima wake na bila kupima vya kutosha athari zake kwa jamii. Halmashauri haikuliacha eneo, iliandika upya. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa na sheria ndogo nyingine, yenye taarifa nene zaidi. Ukiacha lugha ya kisheria, hapo ndipo faida ya kesi hizi inapoonekana: halmashauri iliyolazimishwa kuhesabu, ilihesabu.

Lakini kadi ya kusafiri bure inamfaa mtu mwenye treni ya kupanda. Anayeishi mbali na katikati ya Barcelona anategemea treni za vitongojini ambazo ucheleweshaji wake umekuwa wimbo wa miaka mingi katika siasa za Catalonia. Anayeanza zamu ya usafi saa 11:00 alfajiri hana hata hiyo iliyochelewa.

Kama kuna mji ambao mameya wengine wa Hispania huupeleka wageni wao kuutazama, ni Pontevedra, mji wa Galicia ulio kaskazini magharibi, wenye wakazi wapatao 83,000. Miguel Anxo Fernández Lores, daktari kwa taaluma na mwanachama wa chama cha kizalendo cha BNG, aliuchukua umeya mwaka 1999 na kuanza mara moja kuyaondoa magari katika mji wa kale. Hapakuwa na stika wakati huo, wala kamera za kusoma namba. Maegesho ya barabarani katikati ya mji yaliondolewa, mawe ya lami ya watembea kwa miguu yakatandazwa ukuta hadi ukuta, na yakajengwa maegesho ya bure pembezoni, umbali wa kutembea kwa dakika chache. Gari linaingia likiwa na kazi ya kufanya: kushusha mzigo, kumfikisha mgonjwa, kuingia katika gereji ya nyumbani. Likimaliza, linatoka.

Baadaye mji ukachapisha ramani iitwayo Metrominuto, iliyochorwa kama ramani ya treni za chini ya ardhi, isipokuwa kwamba mistari yake inaonyesha ni dakika ngapi za kutembea kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kasi ya kilometa 30 kwa saa, ambayo Hispania iliifanya kuwa sheria kwa mitaa mingi ya mijini yenye njia moja kila upande kuanzia Mei 11, 2021, Pontevedra ilikuwa imeizoea zamani. Wapigakura wamempa Lores muhula baada ya muhula.

Tofauti kubwa kati ya Pontevedra na miji mikubwa si ukubwa tu. Pontevedra haikumwuliza mtu gari lake lina umri gani. Mwenye gari jipya la mamilioni na mwenye mkweche wa miaka 20 wote wanaegesha pembeni na kutembea dakika zile zile. Ni zuio linalogusa gari kama gari, si mfuko wa mwenye gari. Labda hiyo ndiyo sababu lilizoeleka. Kwa upande mwingine, mji unaoweza kuvukwa kwa miguu kwa nusu saa una bahati ambayo Madrid haina, na meya wa jiji la kilometa za mraba 600 akimwambia fundi bomba atembee atachekwa.

Hispania haiko peke yake katika mtihani huu. London ilipolipanua eneo lake hadi vitongoji vyote Agosti 2023, jambo hilo lilikuwa tayari limeamua uchaguzi mdogo wa ubunge wa Uxbridge mwezi mmoja kabla. Nchini Ufaransa, Mei 2025, wabunge walipiga kura kuunga mkono kufutwa kwa maeneo ya aina hiyo, wale wa kulia wakiungana na baadhi ya wa kushoto katika hoja moja, kwamba yanawaadhibu maskini. Sevilla yenyewe ilikwisha kuonja mapema: mpango wake wa kuzuia magari katika mji wa kale, ulioanza mwishoni mwa 2010, ulifutwa na meya mpya mwaka 2011 kabla haujamaliza mwaka.

Lipo swali ambalo mjadala wa Hispania huligusa kwa nadra: magari yanayofukuzwa yanakwenda wapi? Mengine yanakatwa kuwa chuma chakavu, mengine yanahamia vijijini humo humo, na mengine yanapanda meli. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao makuu Nairobi, iliyotolewa Oktoba 2020 ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani. Kiasi cha asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ya hayo yakaja Afrika. Tanzania, Kenya na Uganda, zinazoendesha upande wa kushoto, hupata mitumba yake zaidi Japani. Gari lenye usukani wa kushoto, kama yalivyo ya Hispania, hupata soko katika nchi zinazoendesha kulia. Moshi unaoondolewa katika takwimu za mji mmoja wa Ulaya, kwa hiyo, hauondoki lazima katika dunia.

Kwa sasa macho ya halmashauri za Hispania yako mbele, si nyuma. Kuwaondoa wasio na stika ilikuwa sehemu rahisi ya kazi, kwa kuwa magari hayo yanazeeka na kupungua yenyewe. Zamu inayofuata ni ya stika B, na huko ndiko walikojaa wafanyakazi wa kawaida: dizeli zilizonunuliwa kuanzia 2006 hadi miaka ya kati ya 2010, ambazo wengi wa wamiliki wake wanaamini bado ni nzima.

Hawatakuwa na muda mrefu wa kusita. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu hewa, iliyopitishwa Oktoba 2024, inaushusha ukomo wa naitrojeni dayoksaidi kutoka mikrogramu 40 hadi 20 ifikapo mwaka 2030, huku Shirika la Afya Duniani likiwa limependekeza tangu 2021 usizidi 10. Nchi wanachama zimepewa hadi Desemba 2026 kuiingiza katika sheria zao, pamoja na kifungu ambacho halikuwamo katika ile ya 2008: raia aliyedhurika kiafya kwa sababu mamlaka zilivunja kanuni za hewa, kwa makusudi au kwa uzembe, ana haki ya kudai fidia mahakamani.